Mashujaa walipogawanyika: Historia ya Ultimate Alliance 2

Katika michezo mingi ya video ya mashujaa, swali la nani mwema na nani mbaya huwa limekwishajibiwa kabla mchezaji hajashika padi. Septemba 15, 2009, kampuni ya Activision iliingiza sokoni nchini Marekani mchezo uliomwachia mchezaji mwenyewe swali hilo. Uliitwa Marvel: Ultimate Alliance 2. Ndani yake Captain America na Iron Man, waliopigana bega kwa bega miaka nenda miaka rudi, wanafarakana kwa sababu ya sheria moja ya serikali, na mchezaji anatakiwa kuamua amfuate nani.

Ulikuwa mwendelezo wa mchezo wa 2006, nao ulizaliwa katika familia ya michezo iliyojengwa juu ya jambo moja tu, kushirikiana. Kwa hiyo kuwatenga mashujaa hao katika makundi mawili hakukuwa kipambo cha hadithi. Ilikuwa ni kuugusa msingi wenyewe wa nyumba, na ndiyo maana historia ya mchezo huu inafaa kuanzia mbali.

Wanne kwenye mashine moja

Mwaka 1985 kampuni ya Atari ilitoa Gauntlet, mashine ya kuchezea kwa sarafu iliyoweza kuwapokea watu wanne kwa pamoja. Kila mmoja alikuwa na kazi yake: mmoja mpiganaji wa karibu, mwingine mchawi, mwingine mpiga mishale. Aliyekimbilia chakula peke yake alishiba, lakini kundi lilidhoofika na mwisho wake naye aliangamia. Mwaka 1992 Konami ikaleta mashine ya X-Men, na toleo lake kubwa liliruhusu watu sita kusimama mbele ya skrini mbili zilizounganishwa.

Mashine hizo zilikuwa na upungufu mmoja. Mhusika hakukua. Ulimaliza ukiwa na nguvu zile zile ulizoanza nazo. Diablo, mchezo wa kompyuta uliovuma mwaka 1997, uliwazoesha wachezaji utamu wa kumlea mhusika: unapigana, unapata uzoefu, unapanda ngazi, unachagua uwezo mpya. Mwaka 2001 Baldur's Gate: Dark Alliance uliuleta mtindo huo kwenye PlayStation 2, watu wawili wakicheza sebuleni kwenye televisheni moja. Vipande vyote vilikuwa tayari. Kilichokosekana ni kundi la mashujaa ambalo dunia ilikuwa ikilijua na kulipenda.

Raven na watoto wa Xavier

Kundi hilo lilipatikana Wisconsin. Huko ndugu wawili, Brian na Steve Raffel, walianzisha studio ya Raven Software mwaka 1990. Walijipatia jina kwa michezo ya kufyatua risasi kama Heretic na Hexen, na mwaka 1997 Activision ikainunua studio yao. Wakati huo Marvel, mwenye mashujaa wale, alikuwa hajapona. Kampuni hiyo iliomba hifadhi ya mahakama kwa kufilisika mwezi Desemba 1996, na kuwakodisha wahusika wake kwa makampuni mengine ilikuwa njia muhimu ya kujikwamua. Activision ikawa miongoni mwa wapangaji.

Mwaka 2004 Raven ilitoa X-Men Legends. Mchezaji aliunda kundi la watu wanne, akamwendesha mmoja, na watatu waliobaki wakaendeshwa na kompyuta au na marafiki walioketi naye. Hadithi iliandikwa na Man of Action, kikundi cha waandishi wa majarida ya katuni. Patrick Stewart, aliyemwigiza Profesa Xavier kwenye filamu, alimpa mhusika huyo sauti yake. Katikati ya hadithi kulikuwa na Alison Crestmere, msichana anayegundua uwezo wake akiwa na hofu, akapokelewa katika shule ya Xavier ambako kila mmoja aliwahi kuwa mgeni.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana jamaa yake katika kundi hilo. Storm, ambaye jina lake halisi ni Ororo Munroe, aliingia kwenye majarida ya X-Men mwaka 1975 kwa kazi ya Len Wein na Dave Cockrum. Mama yake ni Mkenya, na Xavier anapokwenda kumtafuta anamkuta Kenya, akiwaletea watu mvua. Katika michezo yote ya ukoo huu, kuanzia X-Men Legends hadi Ultimate Alliance, Storm hajakosekana kwenye orodha ya wanaoweza kuchaguliwa. Mpangaji wa kundi makini alimhitaji, kwa sababu upepo na radi zake husafisha uwanja mzima wakati wengine wanapambana na adui mmoja mmoja.

X-Men Legends II: Rise of Apocalypse ulifuata mwaka 2005. Safari yake inapita mapema Genosha, kisiwa cha kubuni ambacho waandishi wa Marvel walikiweka katika Bahari ya Hindi. Kisiwa kimevunjwavunjwa na dikteta wa kale aitwaye Apocalypse, na X-Men wanalazimika kuungana na Magneto na wafuasi wake, watu waliokuwa mahasimu wao wakubwa. Kwa mara ya kwanza katika michezo hii, mchezaji aliweza kumweka mwema na mhalifu katika kundi moja na kugundua kwamba wanafaana. Swali la pande mbili lilikuwa limepandwa.

Mwaka 2006 uwanja ukapanuliwa. Marvel: Ultimate Alliance uliwaleta Spider-Man, Thor, Captain America na wenzao kutoka kila pembe ya Marvel, wakimkabili Doctor Doom aliyetaka nguvu za Odin. Ulikuwa mkubwa na wenye furaha, lakini maadili yake yalikuwa mepesi. Doom ni mbaya, apigwe, dunia ipone. Uliofuata baada ya hapo ulihitaji swali zito zaidi.

Ndugu wengine, swali jingine

Raven haikuutengeneza mwendelezo huo. Mwaka 2009 studio hiyo ilikuwa na mchezo wa Wolverine na ule wa Wolfenstein. Kazi ikapewa Vicarious Visions, studio iliyoanzishwa jimbo la New York na ndugu Karthik na Guha Bala walipokuwa bado wanafunzi wa sekondari. Activision iliinunua mwaka 2005. Haikuwa mikono migeni, kwani studio hiyo ndiyo iliyokuwa imetengeneza toleo la Wii la Ultimate Alliance ya kwanza. Sasa ilitengeneza matoleo ya Xbox 360 na PlayStation 3, huku studio ya n-Space ikishughulikia lile la Wii.

Wabunifu hao walichukua hadithi mbili za majarida ya Marvel. Ya kwanza ni Secret War ya Brian Michael Bendis, iliyochapishwa kuanzia 2004. Nick Fury, mkuu wa ujasusi, anagundua kwamba serikali ya nchi ya kubuni ya Latveria chini ya Lucia von Bardas inawapa wahalifu silaha, na anawapeleka mashujaa kuishambulia nchi hiyo kwa siri. Kisasi kinakuja baadaye, nacho kinawaangukia wakazi wa New York. Ya pili ni Civil War ya Mark Millar na mchoraji Steve McNiven, iliyotoka kati ya 2006 na 2007. Humo, mapambano ya hovyo katika mji wa Stamford yanazua mlipuko unaoua mamia ya watu, wakiwemo watoto. Bunge linapitisha sheria: kila mwenye uwezo usio wa kawaida ajisajili, aitambulishe serikali sura yake halisi na afanye kazi chini yake.

Hadithi hizo zina alama za miaka yake. Marekani ilikuwa imeshambuliwa Septemba 11, 2001, imepeleka majeshi Iraq, na raia wake walikuwa wakibishana serikali iruhusiwe kuingia umbali gani katika maisha ya mtu kwa jina la usalama. Iron Man anasema mwenye nguvu asiyewajibika kwa yeyote ni hatari, na makaburi ya Stamford yanamuunga mkono. Captain America anasema serikali ikishika orodha ya majina, kesho itaamua nani ni adui, na historia ya binadamu inamuunga mkono. Hakuna mjinga kati yao. Huo ndio uzito wa hadithi.

Mchezo ulizishona hadithi hizo kuwa moja. Unaanza Latveria, unapita kwenye kisasi cha New York na maafa ya Stamford, kisha unakufikisha kwenye uamuzi. Ukishachagua, kuna mashujaa utakaowakosa kwa sababu wamekwenda upande wa pili, na kuna kazi utakazopewa ambazo mwenzako wa upande ule hatazipata. Jambo la maana zaidi ni kwamba uamuzi ulikuwa mmoja kwa kundi zima. Watu wanne waliokaa pamoja hawakuweza kwenda kila mtu na njia yake. Ilibidi wajadiliane, wasikilizane, na wengine wakubali kupigania upande wasiouamini. Ubishi wa mashujaa ulihamia kwenye kochi, na hakuna jarida wala filamu iliyowahi kuweza hilo.

Nguvu mbili kuwa moja

Katikati ya mgawanyiko huo, wabunifu waliweka kitu kinachokwenda kinyume chake. Kila shujaa aliweza kuunganisha nguvu zake na za mwenzake kwa pigo moja kubwa. Mmoja anaamsha kimbunga, mwingine anakijaza moto. Mmoja anafyatua mionzi, mwingine anaisambaza kwa adui wote waliozunguka. Kundi la watu wanne lina jozi sita, na mchezo ulikuwa na mashujaa zaidi ya 20, kwa hiyo kila mabadiliko ya kundi yalileta michanganyiko mipya ya kujaribu.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na mpango huu uliisimamia hekima hiyo. Nguvu ya kuungana haikupatikana bure. Ilijazwa polepole na mapambano ya kawaida, kisha mchezaji mmoja aliita na mwingine akaitika. Aliyecheza kwa pupa alijikuta mbele ya adui mkubwa akiwa mikono mitupu. Mtu akishazoea kumtegemea mwenzake namna hiyo, kumwona upande wa pili wa sheria kunamchoma kuliko maneno yoyote ya msimulizi. Hapo ndipo mkono na hadithi vilipokutana, na kwangu mimi ndiyo sababu mchezo huu unazidi ule wa kwanza, ingawa ule ulikuwa mpana zaidi.

Una kasoro, na ni kubwa. Katika Civil War ya majarida, Captain America anajisalimisha na upande wa usajili unashinda, jambo lililowaachia wasomaji uchungu na mjadala wa miaka. Mchezo haukuthubutu kufika huko. Vijidude vya kielektroniki vilivyotiwa miilini mwa wahalifu ili watii serikali vinaanza kujiongoza vyenyewe, vinaiteka hadi nchi ya kubuni ya Wakanda, na adui huyo mpya anawarudisha mashujaa wa pande zote katika kundi moja. Lakini hata hapo kuna hoja. Hatari ile ilizaliwa na tamaa ya kuwatawala watu kutoka ndani ya miili yao, yaani kutii kulikosukumwa hadi mwisho wake.

Mkataba ulipokwisha

Agosti 31, 2009, wiki mbili tu kabla ya mchezo kutoka, Disney ilitangaza kwamba inainunua Marvel kwa takriban dola bilioni 4. Mpangaji alibaki, lakini mwenye nyumba alibadilika. Baadaye mwaka huo mashujaa wa ziada waliuzwa kwa njia ya mtandao, akiwemo Black Panther, mfalme wa Wakanda. Mwisho wa mwaka wakaondolewa dukani, wakarudishwa 2010. Nchi yake ilikuwa ndani ya diski, lakini mfalme mwenyewe alikuja na kuondoka kwa amri ya karatasi.

Mkataba wa Activision ulipofikia ukingoni, michezo yake ya Marvel ilianza kutoweka kwenye maduka ya mtandaoni kuanzia mwisho wa 2013. Julai 2016, miezi michache baada ya filamu ya Captain America: Civil War kuijaza dunia na ubishi ule ule, Ultimate Alliance zote mbili zilirudi kwenye PlayStation 4, Xbox One na kompyuta. Miaka miwili baadaye, 2018, zikaondolewa tena. Sehemu ya tatu ilitoka Julai 2019 kwa Nintendo Switch, ikitengenezwa na Team Ninja ya Japani, lakini haikuendeleza swali la usajili. Vicarious Visions nayo iliingizwa ndani ya kampuni dada ya Blizzard na jina lake likafutwa. Microsoft ilipokamilisha kuinunua Activision Blizzard mwaka 2023, wahusika wakabaki mali ya Disney na mchapishaji wa mchezo akawa chini ya bwana mwingine.

Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotoka Marekani kabla ya 2010 haiuzwi tena rasmi. Ultimate Alliance 2 imo katika kundi hilo. Anayeutaka leo atafute diski ya zamani na mashine ya zamani, au awe miongoni mwa wachache walioununua katika ile miaka miwili.

Kitabu kisipochapishwa tena hubaki maktaba, na filamu ina nyumba zake za kumbukumbu. Mchezo wa video unaotegemea wahusika wa kukodi hauna ulinzi wa namna hiyo, na ndiyo sababu maktaba na makumbusho zinapaswa kupewa haki ya kisheria ya kuuhifadhi na kuwaruhusu watu wauchezee, mkataba uwepo usiwepo. Hapa kinachopotea ni zaidi ya burudani. Ni jaribio la nadra la kuwaketisha vijana pamoja, kuwapa hoja mbili zenye haki, na kuwalazimisha waamue kama kundi. Kizazi kinachokua sasa, kinachobishana kila siku kuhusu usalama, uhuru na majina yaliyoko kwenye orodha za serikali, kina haki ya kulikuta jaribio hilo likiwa hai.