Mita Thelathini Kutoka Wapi?

Mgeni akikupigia simu kwamba anakuja Mathare, humpi anwani. Unamwambia apande matatu za Juja Road, ashuke Number Ten, aingie kichochoro kilicho kando ya M-Pesa, ateremke hadi asikie mto, halafu amuulize mama wa samosa. Akiwa mtu wa heshima unafupisha: ngoja hapo stage, nakuja kukuchukua. Ramani yetu ni mtu aliyesimama stage.

Siku hizi, lakini, karibu kila kikundi chenye tovuti kinataka ramani ndani yake. Kazi yenyewe ni ndogo. Anayetunza tovuti anaweka programu-jalizi (sisi husema plagini tu), anaandika nambari mbili, latitudo na longitudo, anahifadhi, na ramani hiyo hapo: unaivuta kwa kidole, unaikuza, unagusa alama nyekundu na kadirisha kanafunguka kenye jina na picha. Nimewafanyia vikundi vya mtaa kazi hii mara kadhaa, mara nyingine kwa malipo ya chai na mandazi. Dakika kumi. Ila ndani ya hizo dakika kumi imekunjwa miaka mingi, na ndiyo nataka tuikunjue.

Anza na hizo nambari. Mathare iko kwenye nyuzi 1.26 hivi kusini mwa ikweta, 36.86 mashariki. Kompyuta haielewi neno kusini. Inataka alama ya kutoa mbele ya 1.26. Ukiisahau, kikundi chako cha Mabatini kinahamia Samburu, si mbali na Maralal. Ukigeuza mpangilio ukaanza na 36.86, mnaangukia bahari ya Mediterania, kati ya Uhispania na Algeria. Mimi nilishawahi kuzamisha choo kizima cha jamii huko, na kilikaa majini wiki mbili kabla ya mtu kuniuliza. Hakuna aliyekuwa ameangalia. Watu wa Mabatini walijua choo chao kiko wapi.

Basi ramani ni ya nani, kama mwenyeji haihitaji?

Swali hilo lina umri. Mathare ilikuwa machimbo ya mawe kabla ya kuwa mtaa, na hata leo ukiteremka kutoka Juja Road unaona kuta za mwamba zilizokatwa zikiwa nyuma ya mabati. Wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya hamsini, serikali ya kikoloni ilibomoa makazi ya bonde hili ikiyahesabu kuwa maficho ya Mau Mau. Watu walirudi, na baada ya uhuru wakaongezeka. Mwaka 1971 kitengo cha utafiti wa nyumba cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilitoa kitabu kuhusu Bonde la Mathare, kikihaririwa na David Etherton. Kwa hiyo usidanganywe na hadithi kwamba hatukuwahi kuchunguzwa. Tulichunguzwa sana. Kilichokosekana ni ramani ambayo mtu wa Mashimoni au Kiamutisya angeweza kuifungua mwenyewe na kusema: hapa mmekosea.

Nafasi ya kwanza ya kitu cha aina hiyo ilikuja kwa njia mbaya. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi ilipasuka. Tume ya Jaji Waki baadaye ilihesabu vifo zaidi ya 1,100, na Mathare ilikuwa moja ya sehemu zilizowaka. Serikali ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Mapema Januari 2008 Ory Okolloh aliandika kwenye blogu yake akiuliza kama kuna mafundi wanaoweza kuonyesha matukio ya vurugu juu ya ramani. David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wenzao walijibu, na katika siku chache Ushahidi ikawa hewani: unatuma ripoti, inahakikiwa, inakuwa nukta juu ya ramani ya Google. Miaka miwili baadaye programu hiyo hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko. Wengi wanaoipenda hadithi hii huishia hapo kwa fahari, na mimi nina fahari pia. Ila angalia jambo moja. Nukta zilikuwa zetu, lakini ardhi iliyokuwa chini ya nukta ilikuwa ya kuazima. Na ardhi hiyo, ukiikuza kwenye mitaa kama yetu, ilikuwa tupu.

Utupu huo ndio uliowaleta Mikel Maron na Erica Hagen Kibera mwishoni mwa 2009. Hawakuchora wao. Vijana wa Kibera walipewa vifaa vya GPS, wakatembea kila kichochoro, wakaandika maji yalipo, vyoo, shule, zahanati, kisha wakaviingiza OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Kufikia 2011 kazi ya namna hiyo ilikuwa imefika Mathare. Baadhi ya vijana waliojifunzia hapo ni sehemu ya mwanzo wa Spatial Collective, kampuni ya kutengeneza ramani. Karibu na wakati huohuo, kati ya 2011 na 2012, Muungano wa Wanavijiji na mashirika yanayouunga mkono walishirikiana na Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha California, Berkeley, wakatoa mpango wa kuboresha kanda nzima ya Mathare, kijiji kwa kijiji, uliotokana na kuhesabu na kuchora.

Kupima Mathare si sawa na kupima Kileleshwa. Kichochoro kina upana wa mabega, mabati yanarudisha mawimbi ya setilaiti, na GPS inakwambia umesimama katikati ya mto ilhali umesimama mlangoni kwa mtu, naye anakuuliza wewe ni wa Kanjo ama wa nani. Hilo swali lilikuwa gumu kuliko mawimbi. Mara ya mwisho mtu kupita na karatasi akihesabu milango, nini kilifuata?

Sasa turudi kwenye ile tovuti, maana hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Ramani ya mtandaoni imejengwa kwa vigae. Kila kigae ni kapicha ka mraba, kwa kawaida vitone 256 kwa 256. Ukiwa mbali kabisa, dunia yote ni kigae kimoja. Kuza hatua moja, vinakuwa vinne. Nyingine, kumi na sita. Ukifika hatua ya 18, pale ambapo kichochoro kinaanza kuonekana, dunia imekatwa vigae 262,144 kwa kila upande. Tovuti yako haibebi hivyo vyote. Mtu anapofungua ukurasa wako, simu yake inaenda kuchota vigae kadhaa kwenye seva ya mtu mwingine. Chako ni nukta tu.

Na mwenye vigae anaweza kubadilisha mawazo. Google ilifungulia watengeneza tovuti ramani zake mwaka 2005, na kwa miaka mingi tovuti ndogo ilizitumia bila kulipa chochote. Katikati ya 2018 masharti yakabadilika: kila tovuti iwe na ufunguo wake, na ufunguo uunganishwe na akaunti ya malipo. Kulikuwa na posho ya bure ya dola 200 kwa mwezi ambayo tovuti ya mtaani haiwezi kuimaliza hata ikijaribu. Shida haikuwa hizo dola. Shida ni kadi. Kikundi kilichosajiliwa kwa Social Services, chenye akaunti ya pamoja na watia sahihi watatu ambao mmoja ameenda ushago, kinaweka kadi ya nani? Duniani kote, tovuti ambazo hazikutimiza masharti zilibaki na ramani iliyofifia, imeandikwa juu yake kwa Kiingereza kwamba ni ya majaribio tu.

Wengi wetu tulihamia Leaflet, maktaba ndogo ya kuonyesha ramani iliyoanzishwa 2011 na Vladimir Agafonkin wa Kyiv, na chini yake tukaweka OpenStreetMap. Hivyo, bila sherehe yoyote, tovuti za Mathare zikaanza kusimama juu ya ardhi iliyopimwa kwa miguu ya vijana wa Mathare. Kuna sharti hata huko: lazima uache yale maandishi madogo ya kuwatambua wachangiaji, pale pembeni chini. Nimeona watu wakiyafuta ati yanaharibu sura. Hao ndio waliotembea, kaka. Yaache.

Kuna kosa lingine ambalo nalihesabu kubwa zaidi. Ukiandika nukta zako ndani ya plagini peke yake, zinaishi ndani ya tovuti. Mfadhili akiondoka, domeini isipolipwa, nukta zinaenda nayo. Bomba la maji, choo, njia ya kupitisha mgonjwa usiku: hivi vitu vya umma viingize OpenStreetMap kwanza, kisha tovuti ivichote huko. Ila si kila kitu. Mwaka 2017 Kituo cha Haki cha Mathare kilitoa ripoti, Who Is Next?, kuhusu watu wanaouawa na polisi. Ripoti ikisema Mathare, imesema Mathare. Nukta inayokuzwa hadi hatua ya 18 inataja mlango. Mama aliyempoteza kijana wake hahitaji mtu yeyote mwenye simu ajue mlango wake, na ukiniuliza, nukta za namna hiyo zisogezwe hadi katikati ya kijiji ama zisiwekwe kabisa. Vilevile wapishi wa chang'aa kando ya mto. Wote tunajua walipo. Kujua na kuchora ni vitu viwili.

Nasema mto kwa sababu ndio ulionifanya niandike haya. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 2024 Mto Mathare ulifurika, ukaingia nyumba za bondeni watu wakiwa wamelala. Wengine hawakutoka. Baada ya maji likaja agizo la kuhama kingo za mito, kisha matingatinga. Tarehe 6 Mei Rais Ruto alifika Mathare akaahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyoathirika. Na kila mahali, redioni, kwa barabara, kwa mikutano, neno likawa moja: mita thelathini.

Kwenye programu ya ramani, mita thelathini ni rahisi kupita kiasi. Unachagua mto, unaandika 30, unabonyeza, na ukanda unajipaka rangi pande zote mbili. Unaweza kuuweka kwenye tovuti ukageuka ramani safi ya kuvuta na kukuza. Ila mita thelathini kutoka wapi? Mto mdogo kwenye ramani za namna hii mara nyingi ni mstari mmoja, uliochorwa na mtu aliyeangalia picha ya setilaiti akakisia katikati ya maji. Anza kuhesabu kutoka kwenye mstari huo na utapata nyumba fulani. Anza ukingoni na utapata nyingine. Anza pale maji yalipofika usiku ule na utapata nyingine tena. Kanuni za maji zenyewe, za mwaka 2007, zilisema ukanda uwe kati ya mita 6 na 30 kulingana na upana wa mto. Simama kwenye kadaraja ka kuingia Kosovo uangalie upana wa huo mto siku ya jua, halafu niambie ni ngapi. Mstari ukichorwa mita tano upande huu, familia fulani inalala ndani. Upande ule, inalala nje. Aliyechora hata hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na panya ya kompyuta na picha yenye mawingu.

Nyumba iliyobomolewa haitoki kwenye OpenStreetMap yenyewe. Lazima mtu aingie, aiguse, aifute. Na akiifuta, mfumo hautupi: ukijua nambari ya ile nyumba unaweza kufungua historia yake na kuona pembe nne zilipokuwa, siku iliyochorwa, jina la aliyeichora, na siku iliyoondolewa. Juzi nilifungua kipande chetu cha mto nikiwa nimeambiwa nisahihishe ramani ya kikundi kimoja. Nilikaa nayo muda mrefu kuliko malipo. Nilirekebisha ukingo kwanza, nikiuchora pande zote mbili badala ya ule mstari mmoja. Nyumba bado sijazigusa.