Jini la chupani na magome machungu

Nimekuwa kimya kidogo, kazi za chumba cha habari zilinielemea. Leo nimerudi na historia, na historia yenyewe inaanzia baa. Wasiokunywa msikimbie, humu mna dawa, vita, wakoloni na bibi yangu mzaa mama.

Wiki mbili zilizopita nilikaa meza moja na mzee wa mtaani kwetu. Aliagiza Konyagi ndogo, toniki mbili na ndimu. Akamimina, akakamulia ndimu, akaonja, akaniambia: "Kijana, unajua kwa nini Wazungu wa zamani hawakuugua malaria huku kwetu? Siri ni hii hapa. Hii si pombe, hii ni dawa." Meza nzima ikaitikia. Mimi nikacheka kwa adabu. Lakini baadaye kidogo akasema anatetemeka tangu juzi, homa inapanda usiku, na hajaenda kupima kwa sababu "dawa anayo mkononi". Hapo nikaacha kucheka.

Nilimsihi twende zahanati. Akanijibu kwamba sisi waandishi tunajua kuuliza tu, kusoma hatusomi. Haya, nikaenda kusoma.

Tuanze na kinywaji chenyewe. Kiswahili kimetufanyia utani mzuri: jini ya kunywa na jini wa kwenye hadithi, wote wanatoka kwenye chupa. Asili ya neno hili la kunywa ni Uholanzi. Waholanzi walikuwa wakitengeneza pombe kali ya nafaka na kuitia matunda ya mreteni, wakaiita jenever, kwa jina la mti huo. Waingereza wakakata jina, ikabaki gin. Kumbuka jambo hilo moja: bila mreteni hakuna jini. Harufu ile ya msitu unayoisikia ukifungua chupa ndiyo hiyo.

Mwaka 1689 Mholanzi William wa Orange alitawazwa kuwa mfalme wa Uingereza. Serikali yake ikabana brandi ya Ufaransa, adui wake, na mwaka 1690 ikafungua milango kwa kila anayetaka kukoroga pombe kali ya nafaka za nyumbani. Matokeo yake London ililewa kwa miaka sitini. Jini iliuzwa kwenye maduka, kwenye vibanda, hata kwenye mikokoteni. Mwaka 1734 mwanamke aitwaye Judith Defour alimnyonga mwanawe mdogo, akauza nguo za mtoto huyo na kununua jini. Bunge likatunga sheria ya 1736, leseni ikawa pauni 50 kwa mwaka, pesa ambayo maskini hakuwahi kuiona. Je, watu waliacha? Hawakuacha. Waliuza kwa kificho, na walioripoti wenzao walipigwa mitaani. Sheria ile ikashindwa, ikafutwa 1743. Ile ya 1751 ndiyo iliyofaulu kidogo, na mwaka huohuo msanii William Hogarth akachora picha yake maarufu ya uchochoro wa walevi, mama akiwa amelewa na mtoto anamponyoka mikononi.

Naomba ushike hapo, msomaji. Gongo ya kwanza ya dunia hii haikuwa Manzese wala Mathare. Ilikuwa London.

Jini ya siku zile ilikuwa chafu, ndiyo maana waliitia sukari kuficha ladha mbaya. Ile tamu iliitwa Old Tom. Mwaka 1830 Aeneas Coffey, aliyewahi kuwa ofisa wa ushuru huko Ireland, alisajili mtambo wa kukoroga mfululizo uliotoa pombe safi zaidi. Pombe ikiwa safi, sukari haina kazi. Ndipo ikazaliwa jini kavu, London Dry, na pombe kavu inataka kuchanganywa. Sasa tunafika kwenye glasi ya yule mzee.

Uchungu wa toniki unatokana na kwinini, na kwinini inatoka kwenye magome ya mti wa sinkona wa milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga kwinini kutoka kwenye magome hayo huko Paris mwaka 1820. Mwaka 1854 daktari William Baikie alipandisha meli Mto Niger, akawapa watu wake kwinini kila siku, na hakuna Mzungu hata mmoja aliyekufa safarini. Kabla ya hapo safari za namna ile zilikuwa mazishi. Livingstone naye alitembea na vidonge vyake vya kwinini alivyovichanganya mwenyewe na dawa za kuharisha. Kwa hiyo mzee wangu alikuwa na nusu ya ukweli: kwinini iliwaweka hai Wazungu waliokuja kututawala. Bunduki tunaitaja sana, kidonge tunakisahau.

Lakini hicho kilikuwa kidonge na unga, hakikuwa toniki ya baa. Toniki ya kwanza yenye kwinini ilisajiliwa London na Erasmus Bond mwaka 1858, na kampuni ya Schweppes ikaja na ya kwake miaka ya 1870. Na ile hadithi kwamba askari wa Kiingereza kule India walichanganya jini na toniki ili kumeza dawa? Maandishi ya zamani kabisa yanayofahamika kuhusu jini na toniki kwa pamoja ni ya 1868, kwenye jarida la michezo la huko India, na watu wanaotajwa walikuwa wakiinywa kwenye mashindano ya farasi. Walikuwa wakijiburudisha baada ya jua kali. Hakukuwa na mgonjwa pale.

Tupige hesabu, maana hesabu haina chuki. Marekani sheria inaruhusu kwinini isizidi miligramu 83 kwa lita moja ya toniki. Mtu mzima aliyetibiwa malaria kwa kwinini alimeza kama miligramu 600, mara tatu kwa siku, kwa siku saba. Hiyo ni miligramu 1,800 kwa siku. Gawanya. Unahitaji zaidi ya lita 21 za toniki kwa siku moja, wiki nzima. Na kila toniki uitie Konyagi? Malaria itakukuta umeshazikwa.

Sinkona yenyewe ina machozi yake. Mwaka 1865 mtu mmoja wa kabila la Aymara huko Bolivia, Manuel Incra Mamani, alimfikishia mfanyabiashara Mwingereza Charles Ledger mbegu za sinkona bora kuliko zote, wakati kutoa mbegu nje ya nchi kulikuwa marufuku. Ledger akawauzia Waholanzi, wakazipanda Java, na kufikia miaka ya 1930 Java ilitoa zaidi ya asilimia 90 ya kwinini ya dunia. Mti ukapewa jina la Ledger. Mamani alipotumwa mbegu tena alikamatwa, akapigwa, akafa kwa mateso hayo. Hakuna mti wenye jina lake.

Na mti ule ulifika kwetu. Wajerumani walifungua kituo cha utafiti Amani, milima ya Usambara, mwaka 1902, wakapanda sinkona huko. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokatiza meli za dawa, jeshi la Lettow-Vorbeck liliishi kwa magome hayo, na vidonge vilipokwisha wakachemsha magome na kunywa maji yake machungu, wakayapachika jina la utani "Lettow-Schnaps". Wabelgiji nao walipanda Kivu, na mpaka leo Bukavu ni mji wa kwinini. Toniki za bei mbaya zinazojisifu Ulaya kwa kwinini ya asili, kama Fever-Tree, hununua kwinini ya mashariki ya Kongo. Mtu wa London anakunywa jasho la Bukavu bila kujua Bukavu iko wapi.

Sasa nije kwa bibi yangu.

Mataifa makubwa yalikutana Brussels mwaka 1890 na kukubaliana kuzuia pombe kali katika eneo kubwa la Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Walisema wanamlinda Mwafrika. Mzungu aliendelea kunywa jini yake barazani jua linapozama. Mwafrika hakuruhusiwa kununua chupa hiyo mpaka miaka ya 1950. Tulipopata uhuru nilitarajia, niliposoma, kuona mambo yamegeuka. Hayakugeuka sana. Uganda ilitunga sheria ya enguli mwaka 1965: anayekoroga awe na leseni, auze kwa kiwanda, kiwanda kisafishe na kutia kwenye chupa. Ndiyo Uganda Waragi hiyo, ambayo wengi husema jina lake ni "war gin" na wengine husema ni araki iliyokuja na askari wa Kinubi kutoka Sudan. Sisi tukatunga sheria ya kuzuia pombe ya moshi mwaka 1966. Kenya ikapiga marufuku chang'aa mwaka 1980, kisha mwaka 2010 ikairuhusu kwa masharti ya usafi na chupa.

Bibi yangu alikuwa Mhaya. Kule Kagera pombe inayokorogwa kutoka kwenye rubisi ya ndizi inaitwa enkonyagi. Miaka ya 1970 kiwanda cha Dar es Salaam kilitoa kinywaji chake, kikaitwa Konyagi, jina lilelile lenye mizizi ya konyaki ya Kifaransa. Konyagi ya chupa ilikuwa fahari ya taifa. Konyagi ya bibi ilikuwa kosa la jinai. Alikuwa na pipa moja, bomba la shaba na mtungi wa kupozea, na kwa vitu hivyo vitatu alimsomesha mama yangu hadi kidato cha nne. Siku moja askari walikuja, wakamwaga yote, wakabeba bomba, na bibi akalala mahabusu siku mbili na mtoto mgongoni. Alipotoka aliuza mbuzi, akanunua bomba jingine. Nilipomuuliza utotoni kama hakuogopa, alinijibu: "Mjukuu wangu, niliogopa ada zaidi."

Simtetei bibi kwa kila kitu. Gongo isiyopimwa inaua. Nairobi, Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe haramu iliyotiwa sumu ya methanoli. Ninachosema ni kwamba London ilijifunza kwa miaka sitini kuwa huwezi kumfunga maskini mpaka pombe iwe safi. Pombe husafishwa na mtambo mzuri, kipimo na leseni anayoimudu mtu mdogo.

Sasa, kwa wale mnaosubiri kuambiwa mchanganye nini, maana najua mpo. Jenever ya Kiholanzi inakunywewa yenyewe, glasi ndogo, imepoa. London Dry inapenda toniki na ndimu. Uchungu wa kwinini na harufu ya mreteni vinaelewana kama mtu na shemeji yake. Jini ya Plymouth mabaharia waliitia matone ya Angostura, dawa ya tumbo iliyobuniwa Venezuela na daktari Johann Siegert mwaka 1824. Old Tom, kwa kuwa ni tamu, usiitie soda tamu, itie maji ya soda matupu. Konyagi yetu ina kilevi asilimia 35, chini kidogo ya jini ya Ulaya inayoanzia 37.5, na haina mreteni wa kutosha kushindana na toniki kali. Mimi naiona inakaa vizuri zaidi na bitter lemon au soda ya tangawizi. Waragi na maji ya dafu, jaribu siku ukiwa pwani, kisha uje kunishukuru. Sheria ni moja: kinywaji chenye harufu nyingi kipe mwenzi mpole, kinywaji kipole kipe mwenzi msemaji.

Na mreteni? Tunao ndugu yake hapa, mtarakwa, unaoota nyanda za juu za Kenya, Meru na Usambara. Mwingereza aliukata kutengeneza penseli. Siku hizi kuna kiwanda Nairobi, Procera, kinachotumia matunda yake kutengeneza jini inayouzwa hadi Ulaya. Mti ulikuwepo, bomba la shaba lilikuwepo, na ujuzi bibi yangu alikuwa nao. Kilichokosekana ni leseni.

Mnauliza mzee wangu. Nilirudi kwake na ile hesabu ya lita 21 nimeiandika kwenye karatasi. Akaisoma mara mbili, akavua miwani, akaniambia, "Ishirini na moja?" Kesho yake asubuhi tulikwenda zahanati. Kipimo kikasoma malaria. Akapewa dawa mseto, siku tatu, na akaambiwa asiguse pombe mpaka amalize. Amemaliza. Jumamosi nilimkuta pale pale, ndimu mkononi. Safari hii hakusema ni dawa.

Wenye bibi waliosomesha watoto kwa pipa, nileteeni visa vyenu.