Kitabu Ulicholipia Si Lazima Kiwe Chako

Wasee, tuongee ukweli. Ukinunua kitabu pale inama, kwa vile vya mtumba vilivyotandazwa kando ya barabara tao, hicho ni chako. Muuzaji hawezi kuingia kwako usiku akakitoa chini ya mto. Kitabu cha kidijitali? Hiyo ni hadithi ingine.

Mwanzo ulikuwa poa. Julai 4, 1971, Michael Hart, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois, alichapa Azimio la Uhuru wa Marekani kwa kompyuta kubwa ya chuo na kuwaambia wenzake waichukue bure. Hapo ndipo Project Gutenberg ilianzia. Ukishachukua faili, hakuna wa kukunyang'anya.

Halafu 2007 Amazon wakaleta Kindle, dola 399, na zikaisha kwa saa chache tu. Wasee walibonyeza kitufe cha kununua, kumbe kwenye yale masharti marefu walikuwa wanapewa ruhusa ya kusoma. Hiyo tu.

Maana yake ilionekana Julai 2009. Muuzaji mmoja alikuwa ameweka 1984 na Animal Farm za George Orwell kwa duka la Amazon bila kuwa na haki za kuviuza. Amazon wakavifuta wakiwa mbali, ndani ya Kindle za watu, wakarudisha pesa. Mwanafunzi mmoja wa Michigan alibaki na noti za masomo zinazorejelea kitabu ambacho hakipo. Jeff Bezos aliomba msamaha hadharani, kisha mwanafunzi akashtaki, na wakaelewana. Na cheki: 1984 ni riwaya kuhusu serikali inayofuta maandishi isiyoyataka!

Miaka 10 baadaye, 2019, Microsoft nao wakafunga duka lao la vitabu. Doo zilirudi, vitabu vikaenda. Kisha Februari 26, 2025, Amazon wakaondoa ile njia ya kushusha kitabu kwa kompyuta na kukihamisha kwa kebo ya USB.

Utasema, si walirudisha pesa? Sawa, lakini hukuulizwa. Na noti zako hazina bei.

Ndio maana diski ya nje ni muhimu. Tangu 2006 kuna programu ya bure inaitwa Calibre, iliyoanzishwa na Kovid Goyal kwa sababu kisomeo chake cha Sony hakikuwa kinaelewana na Linux. Ukihamisha maktaba ya Calibre, usichague vitabu kimoja kimoja. Beba folda nzima, pamoja na faili ya metadata.db, kwa sababu ndiyo inakumbuka waandishi, lebo na mpangilio wako. Kisha ielekeze Calibre kwa diski, fungua vitabu kadhaa, na uhakikishe vinasomeka kabla hujafuta chochote kwa laptopu.

Lakini diski pia huanguka, huibwa, hufa. Weka nakala mbili, mahali tofauti. Na ujue kitabu chenye kufuli ya kampuni kitabaki na kufuli hata ukikihamisha, so ukipata chaguo, nunua kisicho na kufuli.

Hiyo historia yote inasema kitu kimoja: anayeshika faili ndiye anaamua. Wikendi hii, kabla hujanunua kitabu kingine, hesabu ni vingapi unaweza kufungua bila intaneti na bila akaunti ya mtu. Hivyo ndivyo vyako.