Safu ya Lugha: Alsa

Neno alsa limetoka katika Kiingereza, nacho kililipata kwa Kilatini, ulcus, yaani kidonda. Nakivubo, jijini Kampala, mtu akila rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, kisha kifua kikamchoma, husema ana alsa. Lakini hicho ni kiungulia: asidi ya tumbo imepanda kuelekea kooni. Alsa ni kidonda chenyewe katika ukuta wa tumbo au wa mwanzo wa utumbo; husababishwa hasa na bakteria Helicobacter pylori na baadhi ya dawa za maumivu. Utando wa tumbo hujifanya upya kila baada ya siku chache kwa kazi ya seli shina. Uzeeni ukarabati huo hudhoofika, na kidonda hukawia kupona. Mzee anayeumwa tumbo apimwe kwanza, ndipo ugonjwa upewe jina.