Flopi ya Guka

Guka alipofariki alituachia shamba, kesi ya mpaka na mkebe wa Kimbo. Ndani ya mkebe kulikuwa na risiti, kipande cha zamani na flopi moja nyeusi iliyoandikwa kwa kalamu: "Mpaka, 1998." Shosho anasema ni karani fulani aliyempa, akamwambia, "Mzee, siku hizi mambo ni ya kompyuta. Karatasi zitaliwa na mchwa."

Nikaipeleka Luthuli Avenue. Fundi wa tatu ndiye aliyekuwa na mashine ya kuisoma. Ilikwaruza kidogo, jina la faili likatokea, tukashangilia. Alipoifungua tukaona miraba na alama za kuuliza, ukurasa baada ya ukurasa. "Boss, hii programu ilikufa kitambo," akasema. Hakunitoza hata shilingi. Hapo ndipo nilijua mambo ni mabaya.

Nikielekea stage nilipita Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, lile jumba lililokuwa Bank of India. Kwa wengi wetu ni mahali pa kuambiana "tupatane Archives." Idara yenyewe iliundwa kwa sheria ya 1965, na ilianza ikiwa na pengo. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, aliagiza kwamba nyaraka zinazoweza kuiaibisha serikali yake zisikabidhiwe kwa nchi zinazopata uhuru. Zingine zilichomwa, zingine zikasafirishwa. Mwaka 2011, wazee wa Mau Mau wakiwa mahakamani London, serikali hiyo ilikiri kuwa inazo, zimewekwa Hanslope Park. Zilikuwa zimekaa karibu miaka 50. Watu walifungua maboksi, wakasoma. Mwaka 2013 Uingereza ikakubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9 katika kesi ya walalamishi 5,228.

Sasa linganisha na hii. Mwaka 1986 BBC iliadhimisha miaka 900 ya Domesday, kitabu kilichoandikwa 1086 kwa amri ya Mfalme William ili kuorodhesha mashamba na mali ya England. Watu zaidi ya milioni moja, wengi wao wanafunzi, walichangia picha na maelezo ya maisha yao. Yakawekwa kwenye diski za leza zilizohitaji kompyuta na mashine maalum. Mashine zikaacha kutengenezwa. Kufikia 2002, wataalamu wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walikuwa wanaandika programu ya kuiga kompyuta ile ya zamani ili diski zisomeke tena. Na kile kitabu cha 1086? Bado kinasomeka, bora ujue Kilatini.

Karatasi husubiri. Faili ya kompyuta haisubiri mtu. Inahitaji diski nzima, mashine ya kuisoma, na programu inayoelewa jinsi ilivyoandikwa. Moja ikipotea, zote zimepotea. Kwa hivyo lazima mtu aihamishe kila baada ya miaka michache, aihifadhi kwa muundo ambao programu nyingi zinaweza kuufungua, na aandike ni faili ya nini. Hiyo ni kazi ya mshahara, kila mwaka, na hakuna mheshimiwa atakayekuja kuikatia utepe.

Sisemi turudi kwa faili za vumbi. Ardhisasa ilizinduliwa 2021, na mimi napenda sana kutopanga foleni. Ila kila nikibonyeza "pakua" najiuliza: mwaka 2071 mjukuu wangu atafungua hii kwa kutumia nini? Na nani analipwa leo kulifikiria hilo?

Nilimweleza Shosho yale fundi alisema. Akaniuliza, "Kwani haiwezi kupigwa chapa tu?" Nikamwambia hapana. Akaifuta vumbi na leso yake, akairudisha mkebeni.

Kesi inatajwa tena mwezi ujao. Jirani ana karatasi.