Goma: kwa nini viwanja vinakosekana

Muji wa Goma umebanwa pande zote. Kusini kuna Ziwa Kivu, mashariki ni mupaka wa Rwanda. Kaskazini volkano Nyiragongo inausimamia, na huko, mpaka magharibi, ni ardhi ya Hifadhi ya Virunga. Njia zinazobaki ni upande wa Mugunga na Sake, ama kupanda kwenye teritware ya Nyiragongo.

Hifadhi iliundwa mwaka 1925, Goma ikiwa bado kituo kidogo. Muji ndio uliokua mpaka ukaifikia. Sheria inakataza kujenga ndani yake, na mwenye kuuziwa parsele humo hana karatasi ya kumulinda, hata alilipa mbele ya mashahidi kumi.

Lakini kulaumu hifadhi peke yake ni nusu ya ukweli. Mipaka yake ni ya wakati wa mkoloni. Kilichobadilika ni wingi wa watu. Vita vya Masisi na Rutshuru vimesukuma familia nyingi mujini kwa miaka na miaka. Tena volkano inakula viwanja: tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya muji mpaka ziwani, watu zaidi ya 100,000 wakabaki bila nyumba. Tarehe 22 Mei 2021 ilisimama karibu na Buhene. Wengi walirudi kujenga juu ya mawe yale yale, kwa mbao, kwani ile ndiyo parsele yao na hawana ingine.

Halafu kuna fujo ya karatasi. Sheria ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya serkali, raia anapewa haki ya kuutumia. Vijijini, machifu wanaendelea kuugawa kwa desturi. Ndiyo maana parsele moja inapata wenyewe wawili: mumoja na barua ya chifu, mwingine na setifika ya konservateri. Mbele ya tribinali, setifika ndiyo ina nguvu. Kabla ya kutoa franga, basi, ni kwa konservateri na kadastre ndipo pa kuuliza, si kwa komisionere anayetembeza watu.

Wanaopanga wanaumia pia. Sheria ya 31 Desemba 2015 inaweka garanti ya nyumba ya kulala isizidi miezi 3. Wenye nyumba wengi wanaomba zaidi, na mupangaji mwenye watoto nje na mizigo barabarani analipa tu.