Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano

Kabla ya Julai 2009, ulipoanza kutumika Dar es Salaam mkongo wa baharini wa SEACOM, intaneti ya Tanzania ilitegemea zaidi setilaiti, ambazo zilikuwa ghali na zilichelewesha mawimbi kwa sababu ya umbali wake angani. Hata hivyo, mkongo uliokomea ufukweni usingeifaa miji ya mbali na pwani kama Kigoma na Songea. Ndiyo maana Serikali, kwa mkopo wa China, ilijenga Mkongo wa Taifa, yaani njia kuu ya nyuzi za kioo zinazobeba taarifa kwa mwanga, na kuukabidhi kwa shirika la mawasiliano la TTCL uendeshwe. Jambo lenye busara ya pekee ni kwamba sehemu ya njia hiyo haikuchimbiwa mitaro, bali ilitumia nyuzi zilizokwisha kuwekwa ndani ya waya wa juu kabisa wa minara ya shirika la umeme la TANESCO, waya ambao kazi yake ya awali ni kukinga radi. Makampuni ya simu na watoa huduma za intaneti hununua uwezo wa mkongo huo kwa jumla, kisha huwauzia wananchi kwa rejareja, nao Rwanda, Burundi, Zambia na Malawi, nchi zisizo na bahari, zimeunganishwa nao mipakani.